Mzuka wa Sholay: mtazamaji asiyejua anaona nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Korogwe, nina wajukuu. Utotoni kaka yangu alinipeleka Tanga mjini kuona Sholay, ile sinema ya Kihindi, na baadaye nikairudia mara mbili. Kihindi sikukijua. Yule mwanamke wa nguo nyeupe anayezima taa usiku, sisi watoto tuliamini ni mzuka. Shangazi akatukemea: si mzuka, ni mjane yuko eda, akimaliza ataolewa na yule mrefu. Mwezi uliopita mwanangu aliniwekea picha hiyohiyo yenye maandishi ya tafsiri chini, nikaona picha nyingine kabisa. Nimebaki na huzuni. Je, ile niliyoipenda miaka yote haikuwepo? Mtu asiyejua ana haki ya kusema ameiona sanaa? Na mjukuu wangu wa miaka 10 anataka kuiona. Nimweleze kwanza au nimwache?

JIBU: Marahaba, mama. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa, na juzi usiku niliiweka tena Sholay nikaitazama mwanzo hadi mwisho, mzuka wenu ukiwa kichwani mwangu. Nilipofika pale Jai, yule mrefu wenu, amekaa nje jioni anapuliza kinanda chake cha mdomo, na Radha, yule wa nguo nyeupe, kule ng'ambo anapita kuzima taa moja baada ya nyingine, nilijaribu kuona kwa macho ya mtoto wa Tanga. Mwanamke kavaa nyeupe tupu. Hana kipuli wala bangili, na hasemi neno. Nyumba ni kubwa na watu wake wameuawa. Kila anapopita, mwanga unakufa nyuma yake. Mtoto aliyekulia kwetu, anayejua nyeupe ya sanda, angefikiri nini kingine?

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka kukwambia ni kwamba hamkuwa mmekosea kutazama. Mlitazama vizuri sana. Rangi mliiona, ukimya mliusikia, giza mlilihisi. Kilichopungua ni habari moja tu, kwamba katika desturi ya Kihindu inayoonyeshwa kwenye picha ile mjane huvaa nyeupe. Pale palipokosekana habari hiyo hapakubaki pengo. Mlipajaza kwa kile mlichokuwa nacho nyumbani. Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich, katika kitabu chake cha mwaka 1960, aliliita hilo fungu la mtazamaji: mchoraji anafika nusu ya njia, nusu iliyobaki anaimaliza anayetazama, kwa mali yake mwenyewe.

Shangazi naye alimaliza kwa mali yake. Yeye alikuwa na eda. Alijua mjane hukaa miezi minne na siku kumi, kisha huruhusiwa kuolewa. Basi alipomwona Radha, alihesabu. Kwake swali la mapenzi ya Radha na Jai lilikuwa ni lini. Ndiyo maana Thakur, baba mkwe wa Radha, anapokwenda kuzungumza na baba mzazi wa Radha kuhusu kumwoza tena, nina hakika shangazi yako aliona posa ya kawaida, mkwe mwungwana anatimiza wajibu wake, jambo limekwisha.

Kwa mtazamaji wa India mwaka 1975 uzito wa hatua ile ulikuwa mwingine. Sheria ya kuruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena ilipitishwa tangu 1856, chini ya utawala wa Waingereza, lakini sheria ni kitu kimoja na macho ya jamaa na majirani ni kitu kingine. Katika familia nyingi, hasa zile zilizojiona za heshima, mjane hakuwa na siku ya kuhesabu. Nyeupe aliyoivaa leo angekufa nayo. Kwa hiyo mzee yule alikuwa anafanya jambo la kishujaa kuliko risasi zote za picha nzima. Ndiyo maana pia kuna ile sehemu ya nyuma, siku ya Holi, sikukuu ya kupakana rangi, kabla hajaolewa, Radha amejaa rangi, anacheka, hakauki maneno. Wenye picha waliiweka ili ukiona nyeupe ujue ni kiasi gani cha mtu kimezimwa. Shangazi aliona msichana mchangamfu ambaye amefiwa na atapoa. Aliyejua desturi aliona mlango uliofungwa, ukafunguliwa kidogo, kisha Jai akafa ukafungwa tena moja kwa moja.

Sasa niseme kitu ambacho sikukitarajia hadi niliporudia kuitazama. Kati yenu wawili, wewe mtoto wa mzuka na shangazi mwenye elimu ya eda, nadhani wewe ndiye uliyekuwa karibu zaidi na picha. Shangazi alikuwa na maelezo ya busara, na maelezo hayo yakamtuliza. Yalimpunguzia Radha msiba wake. Ninyi watoto hamkuwa na maelezo, mkabaki na kile kilichowekwa mbele yenu: mtu anayetembea kati ya walio hai bila kuhesabiwa miongoni mwao. Hiyo ndiyo hali ya mjane yule. Ramesh Sippy, aliyeongoza picha, alipanga zile taa na ule ukimya ili mtu ahisi hivyo. Mlikosea jina la kitu, lakini kitu chenyewe mlikihisi. Ukiniuliza kama ile picha uliyoipenda ilikuwepo, hilo ndilo jibu langu, na nalisema kwa moyo wote.

Lakini sitaki unielewe kana kwamba nasema kila mtu aone atakavyo na yote ni sawa. Sikubaliani na maneno hayo, ingawa yanapendeza masikioni. Shangazi alikosa kitu. Alikosa ukatili ambao picha iliuweka wazi ili uonekane. Huzuni unayoihisi sasa ni ya haki, kwa sababu umemwona Radha mzima kwa mara ya kwanza, na ni kama kusikia leo kwamba jirani uliyemsalimia utotoni alikuwa katika taabu ambayo hakuna mtoto aliyeambiwa.

Kuhusu lugha pia ujitendee haki. Unasema Kihindi hukukijua. Hukuwa mtupu hivyo. Kile kinachozungumzwa kwenye picha zile ni Kihindustani, kilichojaa maneno ya Kiarabu na Kiajemi, na mengi kati ya hayo yako kwenye kinywa chako: dunia, wakati, habari, mahaba, kitabu, insafu, dawa. Mswahili anayekaa mbele ya picha ya Kihindi anaokota neno hapa, neno pale, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Tena zile nyimbo zilirudi kwetu kwa mlango mwingine. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua tuni za sinema za Kihindi akazitungia maneno ya Kiswahili, na wapo waliozijua kwanza kwake kabla hawajaziona kwenye kioo. Mtu wa namna hiyo akiingia ukumbini anaingia na kumbukumbu ya arusi fulani mtaani kwao, ambayo mtu wa Bombay hana.

Baadaye, kwenye mabanda ya video, wakaja watu wa kutafsiri palepale: Lufufu Dar es Salaam, DJ Afro Nairobi, na wale wa Kampala wanaoitwa VJ. Hao hawakujaza pengo tu, walijenga nyumba nzima juu yake. Walimpa adui jina la mtaa, wakamwekea steringi maneno ambayo hakuyasema. Wapo wanaowadharau. Mimi siwadharau, kwa sababu walimchukulia mtazamaji kuwa mtu mwenye akili anayestahili kuambiwa. Na tuseme ukweli, mtazamaji wa banda alikuwa na elimu yake nzito, ile ya steringi hafi. Ukiijua kanuni hiyo unakaa kwa amani hata risasi zikinyesha. Ndiyo maana kifo cha Jai kiliwachoma wengi. Hapo kilichowaumiza ni kanuni waliyokuwa wameishika kuwasaliti.

Sasa nije kwenye haki. Umeuliza kama asiyejua ana haki ya kusema ameiona sanaa, na swali hilo lina historia ndefu hapohapo kwenu. Panda kutoka Korogwe kwenda Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Huko, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi wa Waingereza wa kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika, ulioendeshwa na Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham kwa fedha za shirika la Carnegie kutoka Marekani. Walitengeneza picha fupi za kilimo, afya, kodi, hata moja ya kuweka akiba posta, wakazizungusha vijijini. Katika miaka hiyo na iliyofuata, kwa watu wengi wa sinema za serikali ya kikoloni, imani ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ya kawaida. Lazima mambo yaende polepole, kamera isirukeruke, kila tendo lionyeshwe hadi mwisho. Wakati huohuo, mijini Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, watu walikuwa wanalipa kwa fedha zao kuingia kwenye sinema za biashara, wanaangalia picha zinazokwenda mbio, wanatoka wakijadiliana.

Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha kuku. Kilisimuliwa na Mwingereza John Wilson na kuchapishwa 1961, na mwaka uliofuata Marshall McLuhan, mwanazuoni wa mawasiliano wa Kanada, akakirudia katika kitabu chake, kikaenea dunia nzima. Ilitengenezwa picha ya kufundisha usafi kijijini: mtu anamwaga maji yaliyotuama, anaokota makopo matupu, anayaweka mahali pake, yote taratibu mno. Ikaonyeshwa kwa wanakijiji. Wakaulizwa, mmeona nini? Wakajibu, tumeona kuku. Wenye picha wakashangaa, kwani hawakujua kuna kuku. Wakaipitia kipande kwa kipande, na kweli, kuku alikuwepo: kashtuka, karuka, kapita pembeni mwa kioo kwa muda wa kama sekunde moja hivi.

Kwa miaka mingi kisa hicho kimetumika kuthibitisha kwamba watu wale hawakujua kutazama picha. Mimi kila nikikisoma nawaza kinyume. Mtu anaokota kopo kwa dakika nzima. Kila mwanakijiji ameona kopo likiokotwa tangu azaliwe, na hakuna aliyemwambia kwamba kopo ndilo habari. Katika kioo kizima kilichotokea kweli ni kimoja, kuku. Na waliomwona ni hao wasiojua. Waliotengeneza, wenye ujuzi wote, walitazama picha yao wenyewe na hawakumwona. Elimu yao juu ya nini ni muhimu iliwafumba macho. Swali ambalo halikuulizwa ni kama mtengenezaji alimjua mtazamaji wake.

Watafiti waliofika kwa Wame'en wa kusini-magharibi mwa Ethiopia walikuwa waangalifu zaidi. Matokeo yao yalichapishwa 1972. Waligundua kwamba wengine wakipewa picha kwenye karatasi waliinusa, wakaikunja, hata kuitafuna. Ungeweza kuondoka hapo ukisema watu hawa hawajui picha. Wao wakafikiri kidogo: labda kigeni hapa ni karatasi. Wakachora wanyama kwenye kitambaa, kitu kilichozoeleka. Wengi wakamtambua mnyama. Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hicho zaidi ya vyote, kwa sababu kinaonyesha jinsi ilivyo rahisi kumhesabia mtu ujinga ambao uko kwenye karatasi uliyompa.

Na nani hasa aliyeiona Sholay kamili? Hata Wahindi walioujaza ukumbi wa Minerva wa Bombay kwa zaidi ya miaka mitano hawakuiona yote. Mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua Gabbar, jambazi aliyewaua jamaa zake, kwa miguu, kwa viatu vyenye misumari. India ilikuwa imeingia katika hali ya hatari tangu Juni 1975, na wakaguzi wa filamu wakakataa mwisho huo. Ukapigwa mwingine, polisi wanatokea na kumzuia Thakur asilipe kisasi kwa mkono wake. Wengi walikaa miaka bila kujua kwa nini wale polisi wanaonekana kama wageni wasioalikwa. Walihisi mshono bila kujua umeshonwa na nani. Nao walitazama kwa kutojua kwao, kama ninyi kwa kwenu.

Basi haki unayo. Haki usiyokuwa nayo, na mimi pia sina, ni ya kusema hakuna zaidi ya nilichoona. Hilo hata makumbusho makubwa hukosea. Niliwahi kusimama katika jumba moja Ulaya mbele ya lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani cha Wamakonde wa Mueda, Msumbiji, wale ambao wengi walivuka Ruvuma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, mengine huko huko kwenu Tanga. Kilikuwa kimesimamishwa wima kwenye kijiti, ndani ya kioo, taa kali, uso kwa uso na mtazamaji. Nywele za kweli kichwani, chale shavuni, mdomo wazi. Watu walipita wakisifu mchongo. Lakini lipiko halivaliwi wima. Mchezaji hulivaa kama kofia, na tundu lake la kuonea ni ule mdomo, kwa hiyo uso wa kinyago hukaa umeinuliwa kidogo huku mwili mzima umefungwa vitambaa. Kikitembea kinatazama juu yenu, kinawapita. Aliyekiweka wima pale alikigeuza kichwa tu, na wageni wakaona kichwa.

Tena mapiko, yaani ngoma ya vinyago hivyo, ni sanaa iliyosukwa juu ya kutojua. Kwa desturi, wanawake na wasiopitia jando hawatakiwi kujua kwamba ndani yumo mwanamume wa kijijini, na waliopitia hawatakiwi kusema. Bibi kizee anaweza kuwa anaujua mguu wa mwanawe tangu hatua ya kwanza ya ngoma. Atakimbia hata hivyo, na atapiga kelele pamoja na wasichana. Siwezi kusema anadanganya. Analinda kutojua kwa wengine, kwa sababu bila huko hakuna ngoma, kuna mtu aliyevaa mti kichwani.

Hapo ndipo penye jibu la mjukuu. Kuna kutojua kwa aina mbili kwenye picha ile, na usizichanganye. Kuna kule kulikosababishwa na umbali, kwamba picha ilitengenezwa kwa watu wa desturi nyingine. Na kuna kule alikokutengeneza mwenye picha kwa makusudi yake. Kumbuka siku ya Holi, Gabbar amewabana Jai na rafiki yake Veeru, bunduki iko karibu na Thakur, na Thakur haiokoti. Ukumbi mzima unamchukia, woga gani huu? Muda wote huo amejifunika shali. Halafu anasimulia habari ya Gabbar, na mwishoni upepo unaiangusha ile shali, tunaona hana mikono. Kama ulijua mapema, hukumchukia, na kama hukumchukia, huwezi kuona aibu. Aibu ile ya kumhukumu mtu kabla ya kujua ndiyo zawadi ya sehemu ile. Na sarafu ya Jai pia, ile anayoirusha kila wakitaka kuamua jambo. Hadi Jai anakufa, Veeru hajui kwamba pande zote mbili ni sawa, na sisi hatujui. Mara ya pili ukiitazama unajua kwamba kila mara Jai alikuwa ameshaamua, na mzaha wote unageuka kuwa upendo.

Najua kuna utafiti wa 2011 wa Leavitt na Christenfeld huko California, walioonyesha kwamba wasomaji wa hadithi fupi 12 kwa wastani walizifurahia zaidi walipoambiwa mwisho mapema. Nauheshimu. Lakini kufurahia si kitu pekee tunachokwendea kwenye sanaa, na mtoto ana mara moja tu ya kutojua.

Kwa hiyo mweleze habari za nyeupe. Mwambie kabla hamjaanza, kwa maneno mawili tu: kwao mjane huvaa hivi, na wengi hawakuolewa tena. Usimpe hotuba. Mzuka wako na eda ya shangazi msimulie baadaye, picha ikiisha, mkiwa mnakula. Akiuliza Holi ni nini, mwambie ni sikukuu ya kupakana rangi, inatosha. Maandishi ya chini yatampita kasi mtoto wa miaka 10, basi msomee yale mafupi na mengine yaache, atayapata kwenye nyuso. Tafuta kioo kikubwa kama mnaweza kuazima televisheni, maana kwenye simu zile taa za Radha ni nukta tu.

Mikono ya Thakur usimwambie. Sarafu pia usimwambie, hata akikuuliza kwa nini umetabasamu. Akimwita Thakur mwoga, mwache amwite. Upepo ukianza kuvuma, usimtazame Thakur, umeshamwona. Mtazame mjukuu wako.